Kwa mwanangu, kuhusu kampuni yako kupatana na mpinzani wake

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu. Nimepata barua yako unayoeleza kwamba kampuni yako imepatana na ile mliyohimizwa kuishinda tangu ulipoajiriwa, na kwamba wenzako wa programu wamegawanyika, baadhi wakishangilia na wengine wakihisi wamesalitiwa. Mimi nimeajiriwa muda mrefu katika duka la kampuni ya simu, kwa hiyo jambo hili nimeliona kutokea dirishani kwa mteja.

Zamani mvuvi wa Kibirizi aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine hakuzikuta kwenye simu yake. Alipokea ujumbe wenye namba maalumu, kisha akahangaika kumtafuta wakala wa mtandao wa aliyemtumia ili azitoe. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuunganisha huduma zao za fedha, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikajiunga. Ziliendelea kugombea wateja kama kawaida, lakini fedha zikawa zinaingia moja kwa moja katika simu ya anayetumiwa, awe mtandao gani. Nilifurahi sana, na sikuona hata siku moja kwamba tumeshindwa, kwa sababu aliyekuwa akisumbuka ni yule yule mteja tuliyedai kumtumikia.

Lakini nafuu ya mteja na usalama wa ajira yako ni mambo mawili, nami nataka uyapime kila moja peke yake. Tarehe 2 Aprili 2004 kampuni za kompyuta za Microsoft na Sun Microsystems, zilizokuwa zimeburuzana mahakamani kwa miaka kadhaa kuhusu Java, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na Sun, zilitangaza kumaliza ugomvi. Microsoft ilikubali kuilipa Sun dola milioni 700 kwa madai ya kuvunja ushindani wa haki na dola milioni 900 kwa masuala ya hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, na wakaahidiana ushirikiano wa miaka 10 ili mifumo yao iweze kufanya kazi pamoja. Siku hiyo hiyo Sun ilitangaza kupunguza wafanyakazi 3,300. Sisemi kwamba mapatano ndiyo yaliyowaondoa kazini, maana kampuni ilikuwa tayari katika hasara. Nasema kwamba aliyesoma nusu ya kwanza tu ya habari za siku ile hakuijua hali yake mwenyewe. (Hata fedha hizo hazikuiokoa Sun, kwani kampuni nyingine ya programu, Oracle, ilikamilisha kuinunua mwaka 2010.)

Kwa hiyo usiishie kwenye picha za wakuu wakipeana mikono. Muulize msimamizi wako kama mkataba unafuta kesi tu, au unawataka wahandisi wa pande zote mbili waunganishe mifumo. Na kama ni hilo la pili, omba uwekwe kwenye kazi hiyo mapema, kabla nafasi hazijajaa. Muulize pia, kwa heshima lakini waziwazi, kitengo chenu kilichoundwa kwa ajili ya kumpiku mpinzani kitapewa kazi gani sasa. Akikwepa kujibu, anza kuandaa wasifu wako. Na wale wa upande wa pili, mkutanapo, wasalimu vizuri. Nao wameamshwa na tangazo lile lile bila kuulizwa.

Niandikie atakachokujibu.

Mama yako