Tusiwachape watoto watundu, tupange nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, hasa wanaoamini kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu akichapwa mikono atatulia.

Kitinda mimba wangu ana umri huo na ni kiguu na njia. Kigoda hukiburura hadi mezani, akapanda, akashika kila kilichopo. Kabati la jikoni halifunguki bila yeye kutoa sufuria zote na kujaribu kila mfuniko juu ya kila sufuria. Juzi alikuwa na kijiko. Alikiangusha, akatega sikio, akakiokota. Akapanda kigodani akakiangusha tena kutoka juu, kisha akainama kutazama kilikoangukia. Jirani aliyekuwepo akaniambia, "Mama, huyu umemdekeza, mtandike angali mdogo." Mimi pale niliona mtu anajifunza. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, aliwachunguza wanawe watatu tangu uchanga wao, akaeleza kwamba katika umri huu mtoto hurudia tendo huku akilibadilisha kidogo ili aone kitakachotokea.

Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia bado ni changa mno kwa mtoto huyu. Katazo analisikia, pengine analielewa, lakini hamu inamshinda. Ukimchapa atajifunza kukukwepa, na mtoto anayefanya utundu wake kwa kujificha ndiye aliye hatarini zaidi.

Mimi naogopa ndoo kuliko vyombo vilivyovunjika. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake. Akichungulia ndani ya ndoo akatanguliza kichwa, hana nguvu za kujiinua, na maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha. Tena huzama kimya, hakuna kelele wala kurusharusha maji, kwa hiyo usitegemee kusikia kitu ukiwa chumba cha pili. Ukimaliza kufua, mwaga maji na uifudikize ndoo.

Zipo pia betri ndogo bapa za mviringo, zile za saa na za baadhi ya rimoti. Ikimezwa ikakwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, ule unyevu wa humo huifanya ipitishe umeme na kuzalisha kemikali inayounguza nyama, na ndani ya saa 2 tu madhara huwa makubwa. Ukihisi mtoto kameza betri, usingoje aitoe chooni. Mkimbize hospitali.

Na jamani, mafuta ya taa na dawa za kusafishia tusizihifadhi kwenye chupa za vinywaji! Mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo. Akishakunywa mafuta ya taa msimtapishe, kwa sababu yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni kwa daktari pamoja na hiyo chupa.

Kwangu vitu hivyo vyote sasa viko juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Sufuria nimeziacha chini, achezee atakavyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa afya uchapishe maelekezo ya huduma ya kwanza kwa mtoto aliyepaliwa na kitu kooni, pamoja na michoro, kwa ukubwa wa kukatwa na kubandikwa ukutani. Wengi wetu tunaanza kuuliza la kufanya wakati mtoto tayari hapumui.

Mama wa watoto watatu