Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Umri wa Mtoto na Njia ya Kombe la Dunia la Vijana

Wazee wetu, mama na baba wa wachezaji, ndugu makocha,

Kwa niaba ya kamati ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025 ya chama chetu cha makocha na walezi wa mpira wa vijana hapa Lubumbashi, Kongo. Mashindano yetu ya watoto yalichezwa katika komini za mji wetu za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba kama yalivyopangwa, ukiondoa michezo iliyosogezwa mbele kwa sababu ya mvua. Hesabu za michango na matumizi atazisoma mhazini mwenyewe. Jambo lililoishughulisha kamati mwaka mzima, na ambalo tunaomba lijadiliwe leo kabla ya mengine yote, ni karatasi za umri wa watoto wetu.

Mwezi wa Novemba wengi wetu tulifuatilia Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17 lililochezwa Qatar, ambalo Ureno ililitwaa kwa kuifunga Austria bao 1 kwa 0. Kwa mara ya kwanza mashindano hayo yalikuwa na timu 48, wakati mwaka 2023 kule Indonesia zilikuwa 24. Afrika, ambayo kule Indonesia ilikuwa na nafasi nne, safari hii ilipata kumi, nazo zikaenda kwa Morocco, Mali, Burkina Faso, Ivory Coast, Senegal, Misri, Tunisia, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Leopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, hawakuwamo. Majirani zetu wawili, Uganda na Zambia, walikuwamo, na mpaka wetu na Zambia uko Kasumbalesa, mahali ambapo wengi wenu mnafika kwa biashara na kurudi jioni ileile.

Wapo wanaosema kwamba Zambia ilibahatika tu. Kamati haikubaliani nao. Mwaka 2017 Zambia ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Afrika la vijana walio chini ya miaka 20, ikalichukua kwa kuifunga Senegal 2 kwa 0 mjini Lusaka, kisha ikaenda Korea Kusini na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia baada ya kuitoa Ujerumani kwa mabao 4 kwa 3 katika muda wa nyongeza. Patson Daka, Enock Mwepu na Fashion Sakala walitokea katika kikosi hicho, na wote watatu wakaenda kucheza Ulaya. Mwaka 2025 wavulana wa Zambia walicheza Qatar na wasichana wake walicheza Kombe la Dunia la umri huohuo nchini Morocco. Nchi inayofika mara kwa mara hivyo imewaandaa watoto wake mapema, na maandalizi hayo yanaanza na kumjua kila mtoto kwa jina na kwa tarehe ya kuzaliwa.

Naomba mzingatie badiliko moja ambalo wazazi wengi bado hawajaliona. Zamani Kombe hili lilichezwa kila baada ya miaka miwili, hivyo kundi moja la watoto lilifika likiwa na umri kamili na kundi lililofuata lilijikuta katikati, dogo mno kwa mashindano haya na kubwa mno kwa yale yanayofuata. Tangu 2025 linachezwa kila mwaka, na hadi 2029 litakuwa palepale Qatar. Waliocheza safari hii ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2008. Wa 2009 zamu yao ni 2026, wa 2010 ni 2027, na wa 2011 ni 2028. Watoto wa 2010 na 2011 ndio wanaojaza viwanja vyetu leo. Kila mmoja wao ana mwaka wake, na mwaka huo ukimpita haurudi.

Hapa ndipo kupunguza miaka kunapoua mpira wetu. Kocha anayemwandika kijana wa miaka 19 kuwa ana 16 hushinda mchezo wa Jumapili, lakini mtoto wa kweli wa miaka 16 anabaki nje ya mstari akimshikia mwenzake koti. Kisha siku ya mashindano ya mataifa inafika na kipimo kinafanyika. Tangu mashindano ya Nigeria ya mwaka 2009, FIFA hutumia mashine ya MRI kupiga picha ya kifundo cha mkono cha wavulana wa chini ya miaka 17. Daktari huangalia ile sehemu ya mfupa inayoendelea kukua, na akiikuta imekwisha kuungana kabisa, karibu ni hakika kwamba kijana amepita umri huo. Cheti cha kuzaliwa, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kubishana na picha hiyo. Januari 2023, kabla ya mechi za kufuzu za kanda yetu ya Afrika ya Kati, Kamerun iliwapima vijana 30 waliokuwa kambini, na 21 wakaondolewa siku chache kabla ya kucheza. Adhabu nazo zinajulikana: Meksiko ilifungiwa miaka miwili mwaka 1988 kwa kuchezesha vijana waliozidi umri, ikakosa hata Kombe la Dunia la wakubwa la 1990.

Hata hivyo si kila karatasi mbovu ni ya udanganyifu, na kwa hili nawaomba makocha wawe na huruma. Sheria yetu inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto katika ofisi ya hali ya raia ya komini, bila malipo. Muda huo ukipita, inahitajika hukumu ya mahakama ili cheti kitolewe, nayo inadai muda na pesa ambazo familia nyingi hazina. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulionyesha kwamba watoto walioandikishwa kabla ya kufika miaka mitano ni takriban asilimia 40 tu. Kijana wa kweli wa miaka 15 anaweza kabisa kufika kwetu akiwa hana kitu mkononi.

Ndiyo maana mwaka huu tulianza kukaa na wazazi Jumamosi asubuhi kando ya uwanja, meza moja na daftari moja, kukusanya kila kinachothibitisha umri. Kilichotusaidia zaidi ni kadi ya chanjo ya kituo cha afya. Mama mmoja wa Katuba aliitoa ya mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili: pembe moja imeliwa na panya, lakini tarehe ya chanjo ya kwanza, uzito wa mtoto na muhuri wa muuguzi bado vinasomeka. Kadi kama hiyo iliandikwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba mtoto atacheza mpira, na kwa sababu hiyo kamati inaiamini kuliko cheti kilichotolewa wiki iliyopita.

Wasichana wasisahauliwe. Kongo ilishiriki Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 mara mbili, Urusi mwaka 2006 na Chile mwaka 2008, na inaniuma kwamba wazazi wengi hapa mjini hawajawahi kulisikia hilo. Meza ya Jumamosi ni yao pia.

Kwa 2026 kamati inaomba mpigie kura mambo matatu. Mchezaji yeyote mpya asiandikishwe bila cheti, hukumu ya mahakama au kadi ya chanjo. Kocha atakayebadilisha tarehe ya mtoto aondolewe katika mashindano yetu kwa misimu miwili, timu yake ibaki na ipewe kocha mwingine, kwa kuwa watoto hawana hatia. Sehemu ya michango itengwe kuzisaidia familia zinazotafuta hukumu, tukianza na watoto wa 2010, ambao muda wao ni mfupi. Mhazini atasoma hesabu sasa, na kura zitafuata.