Waandishi wa biashara, ulizeni waliobaki ni wangapi

Mhariri,

Karibu kila habari ya programu mpya ya simu katika kurasa zenu za biashara hufunguliwa kwa idadi ya walioipakua au waliojisajili. Idadi hiyo ina sifa inayowafurahisha wenye kampuni: haishuki hata siku moja. Aliyejisajili Januari na kuifuta programu jioni yake bado anahesabiwa Desemba. Sisi ambao kazi yetu ni kupima matumizi ya programu hizi tunaomba waandishi wenu wadai takwimu nyingine.

Chukueni hesabu nyepesi. Kampuni inapata watumiaji wapya 1,000 kila mwezi, na kila mwezi asilimia 40 ya waliokuwapo wanaacha kuitumia. Mwezi wa kwanza inao 1,000, wa pili 1,600, wa tatu 1,960, wa nne 2,176, wa tano 2,306. Ongezeko linazidi kudorora, na hata miaka ikipita kampuni haitavuka 2,500, kwa kuwa asilimia 40 ya 2,500 ni 1,000: wanaotoka wamelingana na wanaoingia. Huku nyuma tangazo lake linajivunia watu 12,000 waliojisajili kwa mwaka. Halisemi uongo, ila ni kuteka maji kwa pakacha.

Wakubwa wakiamua kuongeza matangazo ili wapya wawe 2,000 kwa mwezi, kikomo kinapanda hadi 5,000, na bili ya matangazo hayo itakuja kila mwezi, maana siku wakisitisha idadi inaporomoka. Wakibaki na wapya wale wale 1,000, lakini wanaoondoka wakapungua kutoka asilimia 40 hadi 10, kikomo kinafika 10,000. Kukipata, gawanya idadi ya wapya wa mwezi kwa sehemu inayoondoka kwa mwezi. Na hesabu hii inawapendelea wapenda matangazo, kwa sababu inachukulia kwamba wapya wote ni sawa. Kwa kawaida walio rahisi kushawishika huja mwanzoni. Fungu linalofuata hugharimu zaidi kulipata na huondoka mapema zaidi.

Quibi, huduma ya video fupi za simu, ilichangisha dola bilioni 1.75 na kuanza Aprili 2020 kwa kuwapa watu siku 90 za bure. Kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imefungwa. Google+, mtandao wa kijamii wa kampuni ya Google, ilisukumwa kwa watu kupitia huduma nyingine za Google, hadi maoni ya YouTube yakafungamanishwa nayo; Oktoba 2018 Google yenyewe ilieleza kwamba asilimia 90 ya mara zote watu walipoingia humo, hawakukaa hata sekunde tano. Kinyume chake, WhatsApp iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 kwa mwezi bila hata mfanyakazi mmoja wa masoko. Lakini katika tangazo la ununuzi ule kulikuwa na takwimu nzito kuliko hiyo: asilimia 70 ya watu hao waliitumia kila siku.

Namna ya kupima si siri. Wagawe watumiaji kwa wiki waliyojiunga, kila wiki mstari wake, kisha andika ni wangapi kati yao waliitumia wiki zilizofuata. Mstari mmoja kwa asilimia unaweza kusomeka 100, 38, 27, 22, 21, 21. Mwingine 100, 60, 41, 25, 12, 5. Mgeni wa kazi hii atausifu wa pili kwa sababu wiki iliyofuata ya kwanza bado una 60. Mwenye uzoefu atautaka wa kwanza: pale kwenye 21 umetulia, maana yake wapo watu ambao kitu hiki kimeingia katika maisha yao. Wa pili unaelekea sifuri, na wastani wa jumla utalificha hilo ilimradi kila wiki kuna kundi jipya linalomiminwa juu.

“Kuitumia” nako kunahitaji uangalifu, kwani hapa ndipo udanganyifu mwingi hupita. Kufungua programu si kuitumia. Mtu anagusa arifa ili aiondoe kwenye kioo, programu inafunguka, naye anahesabiwa kuwa mtumiaji hai wa siku. Hesabuni tendo lililomleta: kwenye programu ya akiba ni kuweka fedha, kwenye ya kujifunza lugha ni kumaliza somo. Muda nao uende na haja yenyewe. Chombo cha kujaza fomu za kodi za mwaka hakipimwi kwa wiki. Swali ni kama mtu alirudi mwaka uliofuata.

Wengi huondoka siku ya kwanza, na sababu huwa ya kawaida mno. Anafungua, anakutana na fomu: jina, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, ruhusa ya kusoma orodha ya namba zake, na bado hajaonyeshwa chochote. Pima dakika kutoka kufungua hadi tendo la kwanza lenye faida, kisha usogeze usajili uje baada yake. Halafu kuna wanaoondoka bila kuudhika: amebadilisha simu na kusahau nywila, kadi ya malipo imeisha muda, toleo jipya halifanyi kazi kwenye simu ya zamani. Hawa ndio nafuu kuliko wote kuwarudisha. Kumbusho kabla kadi haijaisha muda na kujaribu tena malipo yaliyokwama baada ya siku chache hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kumsaka mteja mpya.

Walioondoka wengine, wasio wa makundi hayo, wapigiwe simu ndani ya wiki, wakiwa bado wanakumbuka. Swali la “kwa nini umeacha” huzaa majibu ya heshima tu, eti shughuli nyingi. Muulize mara ya mwisho alipoifungua alitaka kufanya nini, na kazi hiyo sasa anaifanyaje. Akijibu kwamba haifanyi tena, pengine haja yenyewe ilikuwa ya kupita. Akisema amerudi kwenye daftari na kalamu, umemjua mshindani wako.

Zawadi za kuleta marafiki zinastahili neno. Zikilipwa pale rafiki anapojisajili, huzaa akaunti bandia na ndugu waliojisajili kwa kubembelezwa. Zilipwe rafiki akiwa amefanya tendo lile la msingi, kama kuweka fedha au kumaliza somo, katika wiki ya tatu. Idadi itapungua sana, na wenye kampuni watalalamika.

Tunajua jibu la wanaopinga: kuna huduma zisizo na thamani bila umati, kama soko la mtandaoni au mtandao wa kijamii. Ni kweli, na msemo wa “kizuri chajiuza” hauwatoshi hao. Lakini hata hapo umati unaohitajika ni wa watu wanaotafutana. Facebook ilianza Februari 2004 ndani ya chuo kimoja, Harvard, ikaenda chuo baada ya chuo, na haikufunguliwa kwa umma hadi Septemba 2006. Watu 500 wa sehemu moja wana faida kwa wenzao kuliko 50,000 waliotawanyika wasio na la kuambiana.

Basi mwandishi akipewa idadi ya waliojisajili, aulize: kati ya waliojiunga miezi sita iliyopita, wangapi wametumia huduma hii mwezi huu, na kwa kufanya nini? Aulize pia wangapi walikuja kwa punguzo la bei, na wangapi kati yao walibaki bei kamili iliporudi. Takwimu hizi hutolewa kwenye kumbukumbu za kampuni kwa siku moja.

Wachambuzi wa takwimu za matumizi ya programu