Sahibu yangu, ukitoa impela uhesabu mabawa

Kigamboni, Dar es Salaam

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wanasoma, na mama anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata. Umeandika kurasa nzima kuhusu rangi mpya ya boti, kisha mwishoni kabisa ukachomeka mstari mmoja: geji ya joto inatulia mkienda taratibu, mkiongeza moto inapanda, na maji ya ekzosi yamepungua, tena yanatoka na mvuke. Ndugu yangu, mstari huo ndio ulionifanya nikae kuandika usiku huu.

Fundi aliyekwambia ung'oe themostati, ile valvu inayodhibiti joto la mashine, na kuitupa, usimsikilize. Mashine yako ina mizunguko miwili ya maji. Themostati iko kwenye ule wa ndani, wenye kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea mashine. Yale yanayotemwa kule tezini, nyuma ya boti, ni maji ya bahari: yanaingia chini ya boti, yanapita kwenye chujio na pampu, yanapoza kulanti ndani ya kipozeo, halafu yanamalizikia kwenye ekzosi. Yakipungua, tatizo litafutwe upande wa bahari. Chujio umesema umelisafisha, na mpira wa kuvutia maji hauna ufa. Basi inayofuata ni pampu, na kwa kuwa haijafunguliwa tangu uinunue boti hiyo, mimi ningeanza na impela.

Ndani ya pampu hiyo kuna chumba cha duara cha shaba, na impela ni raba yenye mabawa inayozunguka humo. Duara lenyewe halijakamilika. Upande mmoja lina nundu. Bawa likifika kwenye nundu linakunjwa, likiivuka linanyooka. Linaponyooka nafasi inapanuka na kuvuta maji, linapokunjwa tena nafasi inabanwa na maji yanasukumwa mbele. Ni kama mkono unaokamua ng'ombe, kubana na kuachia, kutwa nzima. Raba gani isiyochoka kwa kazi hiyo? Na huko kwenu Kilindoni, Mafia, maji yakipwa boti zinalala juu ya mchanga. Mkiwasha wakati maji ndiyo kwanza yanajaa, mnavuta ule mchanga uliotibuka, nao unasaga ncha za mabawa na kuchora bamba la kifuniko. Boti ikikaa sana bila kuwashwa, bawa lililobanwa kwenye nundu linabaki limepinda hata ukilitoa nje.

Linaloua impela haraka kuliko mchanga ni kukauka. Maji yanayopita ndiyo yanayoilainisha. Mashine ikiwaka huku valvu ya chini, ile ya kuingizia maji ya bahari, imefungwa, au kipande cha nailoni kimeziba tundu la kuingizia maji, raba inasuguana na shaba kavu, na ndani ya dakika moja au pungufu mabawa yanaanza kuungua na kukatika. Kumbuka kama kuna siku mashine yenu iliwashwa valvu ikiwa imefungwa, hata kwa muda mfupi. Muulize na kijana wako, kwa upole, ili asione haya kusema kweli.

Sasa nikueleze nilichokiona Kunduchi, kwenye boti moja ya kupeleka wageni kisiwa cha Mbudya. Mwenyewe aliniita akiwa amekwisha kukata tamaa. Impela ilikuwa imebadilishwa miezi michache nyuma na fundi mwingine. Ile ya zamani ilitoka ikiwa na mabawa mawili pungufu, fundi akaweka mpya, akafunga, akalipwa, akaondoka. Joto likarudi. Wakabadilisha mkanda, wakabadilisha kulanti, themostati nayo ikatupwa. Pesa inatoka tu, na mashine inachemka.

Tulifungua kifuniko cha upande wa kipozeo. Nikamulika tochi kwenye uso wa ile mirija myembamba, na pale hasa maji yanapoingilia kulikuwa na kipande cha raba nyeusi kimelala bapa, kimeziba mirija kadhaa, pembeni yake chumvi imeganda kuwa gamba jeupe. Nikakiopoa kwa waya laini. Mwenyewe, kwa bahati njema, hakuwa ameitupa impela ya zamani. Tukakiweka kipande juu ya shina la bawa lililokatika: kikakaa sawasawa, mpasuko kwa mpasuko. Kikawa kimebaki kimoja. Hicho tulikifuata nyuma mpira kwa mpira, tukakikuta kwenye kiwiko kabla ya kipozeo cha oili ya giaboksi. Baada ya hapo maji ya ekzosi yalitoka kwa nguvu hadi mwenye boti akashika kichwa.

Ndiyo maana nakuandikia kirefu badala ya kukupigia simu. Kubadilisha impela ni kazi ambayo mtu mtulivu anaimaliza asubuhi moja. Kinachorukwa ni kuhesabu. Ukiitoa yako, iweke kwenye sinia na uhesabu mabawa. Likikosekana moja, au hata ncha ya bawa, kazi yako siku hiyo ni kukitafuta hicho kipande. Anza na mpira unaotoka kwenye pampu, fuata kila kiwiko, halafu ufungue kipozeo. Ukiweza kusukuma maji kwa mpira wa bombani kutoka upande wa pili, vipande vitarudi vilikotoka badala ya kujikandamiza ndani zaidi. Usiweke impela mpya mpaka hesabu itimie, kwa sababu hiyo mpya itakwenda kuvisukuma vile vya zamani mahali pabaya zaidi.

Kuhusu kazi yenyewe. Funga valvu ya chini, kisha ufunguo wa kuwashia mashine uutundike kwenye mkono wa valvu hiyo hiyo. Mimi sifanyi kazi ya pampu bila hivyo, maana hakuna atakayewasha kabla ya kushika valvu. Tandika kitambaa chini ya pampu; skrubu za kifuniko ni ndogo, na ikidondoka ngamani, kule chini maji yanakotuama, ndiyo imekwenda. Ukishafungua kifuniko piga picha kwa simu, uone mabawa yamelalia upande gani. Usiing'oe impela kwa kuitekenya na bisibisi mbili ukiegemea ukingo wa shaba. Ukiuchora ukingo ule, maji yatapenya hapo daima. Shika kitovu cha impela kwa koleo refu, uvute pole pole huku ukizungusha. Angalia vizuri kipande cha chuma kinachoishikisha impela na shafti, kama yako ni ya aina hiyo, kisianguke.

Bamba la kifuniko lipitishie ukucha. Kama ukucha unakwama kwenye mfereji, maji yanarudi nyuma kupitia hapo na hata impela mpya haitavuta vizuri. Mara nyingi unaweza kuligeuza, upande wa nje ukawa wa ndani, ikiwa uko laini. La sivyo, weka msasa laini juu ya kioo, mwagia maji, usugue bamba mpaka linyooke. Gasketi nayo tafadhali usikubali ikatwe kwa kadibodi ya boksi. Unene wake una maana: ikiwa nene impela inaacha nafasi na kukosa mvuto, ikiwa nyembamba mno bamba linaibana raba. Na chini ya pampu, kati ya upande wa maji na upande wa mashine, kuna kitundu kidogo. Kikidondosha maji au oili, sili ya ndani imekwisha. Kuna watu wanakiziba kwa gundi ili ngama ibaki kavu. Kisizibwe. Kimewekwa ili maji ya chumvi yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi na oili ya mashine.

Impela mpya ipake sabuni ya maji au glisirini. Grisi ya kawaida inaiharibu raba. Iingize huku ukiizungusha upande ule ule ambao mashine huizungushia, mabawa yalale kama kwenye picha uliyopiga. Funga skrubu kwa zamu, za kukabiliana, bila kutumia nguvu nyingi, maana shaba ya zamani nyuzi zake hutoka upesi. Fungua valvu, washa, na mtu awe tezini anaangalia. Maji yasipoonekana ndani ya nusu dakika, zima, usisubiri. Yakitoka, pita na tochi kwenye kila kiungo ulichofungua, halafu mkatembeze boti karibu na ufukwe, muiongeze moto huku jicho moja likiwa kwenye geji.

Tangu mwanzo wa wiki nimeshapita mtaa wa Gerezani, pale Kariakoo, kuulizia impela kwenye maduka ya vipuri. Tatizo ni kwamba namba uliyonipa ni ya mashine. Mashine za aina moja hufungwa pampu tofauti, na ukinunua kwa namba ya mashine unaweza kuletewa impela inayofanana kwa macho lakini imezidi urefu kidogo. Itaingia kwa kulazimishwa na itakufa mapema. Kwenye mwili wa pampu kuna kibati, au namba imechongwa kwenye shaba yenyewe. Kisafishe kwa brashi, upige picha. Kama kimelika, nipimie ile ya zamani: upana kutoka ncha ya bawa hadi ncha, urefu wake, upana wa tundu la shafti, idadi ya mabawa, na umbo la tundu, kama lina meno au mfereji. Pima kwa milimita, na pima shina, siyo mabawa tu, kwa kuwa mabawa yamelika. Nitakununulia mbili, na gasketi zake. Ya akiba ikae kwenye boti mahali pasipo na jua wala dizeli.

Najua Oktoba wageni wa kuangalia papa potwe wanaanza kuja na hii ndiyo riziki yako ya mwaka. Kwa hiyo nalisema nikijua uzito wake: mpaka pampu ifunguliwe, usipakie watu. Mashine ikizima kwa joto ndani ya mkondo, upepo wa kusi haujatulia bado, na mwamba uko upande wa chini ya upepo, nanga peke yake ndiyo itakayokushika. Na hata ukirudi salama, silenda hedi iliyopinda itakugharimu msimu mzima. Ukiniletea vipimo kabla ya Ijumaa, Jumamosi naingia Gerezani, na Jumatatu alfajiri kifurushi nakipandisha basi la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu. Mwambie yule jamaa wa boti inayovuka kutoka Nyamisati kuja huko Mafia akipokee, na unitumie jina lake kamili ili niliandike juu ya boksi.

Kipozeo ukikifungua, nipigie picha uso wa mirija kabla hujagusa kitu. Nataka kuuona.

Nisalimie nyumbani, na bibi umpe shikamoo yangu.

Wako,
sahibu yako wa Kigamboni