Mbona mmemtia mama kijani usoni?

Mteja mmoja aliyetuagiza tumchore mama yake kwa rangi ya mafuta alikuja karakanani kazi ikiwa katikati, akasimama mbele ya turubai, akanyamaza. Kisha akauliza kwa upole, "Mbona mmemtia mama kijani usoni?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kijani cha wazi kabisa, wala hakuna aliyekuwa amemweleza ni cha nini.

Ngozi haina rangi moja. Nyoosha mkono wako karibu na dirisha uutazame polepole: vifundo vya vidole vina wekundu, ndani ya kiganja pana umanjano, kwenye mishipa pana kijani au bluu. Mafundi wa Italia wa zama za kati walianza nyuso kwa udongo wa kijani, kisha wakatandaza waridi juu yake. Katika baadhi ya kazi zao waridi limechakaa na kijani kimejitokeza. Sisi hatukitandazi uso mzima. Tunakiweka pale wekundu unapohitaji kupozwa, maana kando ya kijani wekundu huonekana una damu ndani yake. Kiondoe, na shavu linakuwa la plastiki.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili ni zito zaidi, na ndiko tunakoona kazi nyingi zikiharibika. Mchoraji huchukua hudhurungi moja, akatia nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mwanga. Nyeupe huipa ngozi rangi ya majivu, nyeusi huizima. Sisi kivuli tunakijenga kwa siena iliyochomwa, yaani rangi ya udongo ya hudhurungi-nyekundu, na ultramarini, yaani bluu iliyokolea. Paji la uso la mama yule, pale lilipong'aa, tulilipaka samawati, kwa sababu ngozi nyororo iliyokolea hurudisha mwanga wa anga kama maji yaliyotulia. Mwanawe hakuwahi kuliona hilo mpaka tulipomwonyesha kwenye picha aliyoileta mwenyewe.

Wala uhai wa ngozi hautokani na wingi wa rangi. Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki 1920, anajulikana kwa nyuso za rangi nne: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe na kuwekwa kando ya nyekundu, jicho huisoma kama bluu.

Ombi jingine tunalolipata ni hili: "Hapo nyuma pamebaki patupu, tieni maua." Tutayatia kama yana maana kwa mwenye sura, lakini mtazamaji ataangalia maua kabla ya macho ya mwenye sura. Huo utupu una kazi. Upande wa uso wenye mwanga tunaukolezea ukuta wa nyuma, upande wa kivuli tunaufifishia ukuta huo, na kichwa kinatoka mbele. Ukingo wa shavu la mbali tunauacha uyeyukie nyuma. Kingo zote zikiwa kali, mtu huonekana amekatwa kwa mkasi akabandikwa.

Kama unatuletea picha ya simu, usiipige kwa karibu: pua hukua na masikio hurudi nyuma. Simama hatua tatu, mtu akae kando ya dirisha, flashi izimwe, filta isitumike. Tupe na picha ya mikono. Watoto humjua mama yao kwa mikono pia.

Kuhusu muda, rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake huungana na oksijeni ya hewani yakawa utando mgumu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, nene huchukua wiki. Tukiharakisha la juu wakati la chini bado bichi, picha itapasuka. Vanishi ya kawaida husubiri miezi 6 hadi 12, kwa hiyo utaichukua picha bila vanishi, kisha utairudisha tuipake. Kwa sasa usiifunike kwa nailoni, usiitundike juani, wala usiifungie kabatini: gizani mafuta hayo hugeuka manjano.

Kijani cha mama yule bado kipo. Hatua nne kutoka ukutani hukioni.