Kwa mpwa wangu anayetaka kutibu simba: anza na mbuzi

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wa sauti ulionitumia nimeusikiliza wote, hata pale ulipoanza kulia. Baba yako anasema simba hana mwenyewe wa kumlipa mganga wake, kwa hiyo unakwenda kupoteza muda. Wewe unasema chuo cha mifugo hukitaki, huko ni ng'ombe na mbuzi tu, na moyo wako uko kwa simba, twiga na sokwe. Nakujibu hadharani kwa sababu kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka napata wenzako wenye swali hilo hilo. Baba yako ni mdogo wangu, nitamalizana naye mwenyewe. Wewe ndiye unayenipa kazi.

Njia ya msaidizi wa daktari wa bustani ya wanyama, kazi ninayoifanya mimi, hapa kwetu Tanzania inapita zizini. Mweka, chuo kilichoanza mwaka 1963, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori. Pasiansi kule Mwanza inatoa askari wa wanyamapori. Ni vyuo vya heshima, lakini anayetaka kushika sindano anakwenda LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na kampasi nyingine. Unasoma afya ya wanyama na uzalishaji, astashahada kwanza, kisha stashahada. Baiolojia na kemia umefaulu, sioni kinachokuzuia. Ukimaliza unaomba kutambuliwa na Baraza la Veterinari kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003, na unafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Daktari ni yule aliyekaa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miaka mitano. Wewe hutapasua mnyama wala kumwandikia dawa kwa kujiamulia. Kama hilo litakukera, liseme sasa, uende kidato cha tano na sita ukatafute huo udaktari wenyewe.

Sasa hao mbuzi unaowadharau. Swala, pofu na nyati wote wanacheua kama mbuzi, tumbo ni lile lile la vyumba vinne. Ukimlaza ubavu muda mrefu, gesi inajaa, tumbo linabana mapafu, chakula kinapanda kooni na kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Tengeru wanakufundisha kumweka kifudifudi, shingo juu, mdomo ukielekea chini, na unajifunzia kwa mbuzi. Ukikosa mshipa wa shingo wa mbuzi, anakulalamikia, unajaribu tena. Swala hana subira hiyo. Akikurupushwa na kushikwa vibaya, misuli yake inaanza kuharibika, na anaweza kusimama vizuri leo mkashangilia, kesho kutwa mkamkuta amekufa. Mkono unaotetemeka haujifunzi kwa swala. Pundamilia nenda kamsome kwa punda, na simba kamsome kwa paka wa jirani.

Na mbwa wa kijijini pia ni kazi ya simba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, takriban theluthi moja yao, na ugonjwa ule ulihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Bwana mifugo anayechanja mbwa huko pembezoni mwa hifadhi huenda amewafaa simba kuliko mimi na gwanda langu lenye picha ya simba kifuani.

Siku yenyewe inaanza na kinyesi. Sikutanii. Asubuhi kabla wahudumu hawajaosha mabanda, napita na vikopo na kijiko. Mnyama wa porini anaficha ugonjwa mpaka amezidiwa, kwa sababu porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa, kwa hiyo kinyesi chake kinasema kabla yake. Kama wanyama wawili wanalala banda moja, mmoja anawekewa rangi ya keki kwenye chakula ili tujue kipi ni cha nani. Nakoroga kidogo na maji ya chumvi yaliyokolea, nachuja, najaza kichupa mpaka mdomoni, nafunika kwa kioo chembamba na kusubiri. Mayai mengi ya minyoo ni mepesi kuliko maji yale, yanaelea na kunasa kwenye kioo, nami nayahesabu kwenye hadubini. Siku nyingi hayo, kupima uzito wa chakula, kuchemsha vifaa na kuandika kumbukumbu ndiyo kazi yote. Watalii hawapigi picha hayo.

Siku ya kumlaza mnyama mkubwa ndiyo unayoiota, basi nikueleze. Tulikuwa na simba jike mwenye jino lililovunjika. Tulianza alfajiri, kwa sababu joto linaua mnyama aliyelala. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa mshale wa sindano, ule unaofyatuliwa kwa bunduki. Una vyumba viwili, mbele dawa na nyuma hewa. Tundu la sindano yake haliko nchani, liko ubavuni, limevalishwa kipande cha mpira. Sindano ikiingia kwenye ngozi, mpira unarudi nyuma, tundu linafunguka, hewa inasukuma dawa. Mpira ukikaa upande, dawa inamwagika hewani na simba anabaki anakuangalia.

Alipolala hatukukimbilia. Tulisubiri, tukamgusa sikio kwa fimbo ndefu tukiwa nje ya nondo, tukagusa tena. Ndani, mimi nilikuwa kichwani. Mnyama aliyepigwa ketamini, dawa ya kulaza, hafumbi macho, anakukodolea na hapepesi, kwa hiyo unampaka dawa ya macho yasikauke, unamfunika kitambaa, unaziba masikio kwa pamba. Kisha kila baada ya dakika tano: pumzi, mapigo, joto, rangi ya fizi, unaita kwa sauti na kuandika. Daktari yuko kwenye jino, haoni kingine, anasikia sauti yako tu. Ulimi wa simba ukiushika mkononi unakwaruza kama tupa. Hilo nalikubali, linasisimua hata leo. Mwisho unahesabu vifaa, unahesabu watu, wote wanatoka, daktari anachoma dawa ya kumwamsha na anatoka wa mwisho, mlango unafungwa.

Kwa tembo, faru na twiga kuna etofini, dawa ya kulaza inayoipita mofini, ile ya maumivu makali, kwa nguvu zaidi ya mara elfu. Chupa ile haifunguliwi na mtu aliye peke yake, na dawa ya kumwokoa binadamu inavutwa kwenye bomba la sindano kabla yake. Ukiona mahali wanaifungua wakipiga soga, chukua mkoba wako uondoke, hata kama ni wiki yako ya kwanza kazini.

Siku hizi bustani nyingi duniani zinapunguza kulaza wanyama. Simba anafundishwa kwa vipande vya nyama kulala ubavu kando ya nondo na kuacha mkia utoke nje, damu inachukuliwa kwenye mshipa wa mkia naye akila. Miezi ya uvumilivu kwa kichupa kimoja cha damu. Mimi naona huo ndio ufundi mkubwa kuliko bunduki yoyote, na vijana wanaopenda bunduki hawanielewi.

Sokwe unaotaka kuwakumbatia, usiwakumbatie. Mwaka 1966 ugonjwa uliofanana na polio uliwakumba sokwe wa Gombe, wakati polio ikiwa imeripotiwa kwa watu wa Kigoma. Mafua yako ya siku tatu yanaweza kumwua sokwe. Ukiwa na kikohozi, kwa sokwe huingii, na usipokuwa nacho unaingia na barakoa. Na yule anayejirekodi akimbusu mtoto wa simba, usimfuate mtandaoni. Muulize kwanza kama mtoto huyo anapewa mifupa. Nimeona watoto wa simba waliolelewa majumbani kwa steki tupu: nyama bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha, miguu inapinda, mgongo unavunjika wakicheza tu.

Mshahara si wa kujengea ghorofa, na nafasi za bustanini ni chache. Ndiyo maana cheti cha mifugo ni ngao yako: nafasi ikichelewa, wafugaji wapo kila wilaya, na mashamba ya maziwa hayakosi kazi. Ukiwa chuoni omba mafunzo kwa vitendo mahali penye wanyamapori. Kama nauli itapatikana, ulizia hata Entebbe, Uganda, ambako kuna kituo cha wanyama tangu 1952.

Kwa likizo hii, nenda kwa bwana mifugo wa kata yenu umsaidie kushika mbwa wakati wa chanjo. Kabla hujawashika, wewe mwenyewe uchanjwe kichaa cha mbwa, hiyo nitailipia. Fomu zikifunguliwa jaza Tengeru kwanza, kwangu si mbali, utakuja kula Jumapili. Gambuti usinunue, ninazo jozi ya ziada. Nitumie namba ya kiatu chako.

Shangazi yako