Feni kubwa haitaondoa madoa ya dari la bafu

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri unaorudiwa kila dari la bafu linapoota madoa meusi: "Nunua feni kubwa zaidi." Mara nyingi feni iliyopo inatosha. Kinachokosekana ni hewa ya kuingia bafuni, au njia ya kuufikisha mvuke nje kabisa ya nyumba.

Anza na kipande cha karatasi ya chooni. Washa feni, kiguse kwenye uso wake. Kikinata mlango ukiwa wazi kisha kikadondoka ukiufunga, feni haina kosa. Imefungiwa chumbani bila hewa ya kuvuta. Punguza mlango kwa chini mpaka ubaki mwanya wa milimita 10 juu ya vigae. Kikidondoka hata mlango ukiwa wazi, safisha mapanga kwanza, kisha panda darini.

Huko ndiko kwenye vituko. Utakuta bomba limeachwa likitema mvuke palepale juu ya dari, eti utatoka wenyewe. Hautoki. Ukigusa paa lililopoa usiku unageuka matone, matone yanalowesha mbao, na lawama zote anabebeshwa aliyeezeka. Au utakuta bomba laini la mikunjo, refu kupita kiasi, limelala kama utumbo. Feni ndogo ya milimita 100, ile yenye mapanga kama pangaboi, haina ubavu wa kusukuma hewa mbali. Bomba likizidi mita moja na nusu hivi na kona juu yake, hewa inayofika nje ni kidogo mno. Na bomba la milimita 100 likibanwa likabaki 80, ukinzani kwa kiasi kilekile cha hewa hupanda takriban mara 3.

Weka bomba gumu la PVC, elbo (kiungio cha kona) moja au mbili tu, liinamie kidogo kuelekea nje ili maji yanayojikusanya ndani yasirudi kwenye mota. Maungio yafungwe kwa tepu ya alumini na vibana, maana gundi ya tepu ya kitambaa hukauka ikaachia. Kama hakuna njia fupi ya kutokea, hapo ndipo feni ibadilishwe, iwekwe ile inayofungwa katikati ya bomba.

Kuhusu nguvu, lita 15 kwa sekunde zinatosha bafu la kawaida. Hizo ni mita za ujazo 54 kwa saa. Bafu la mita 2 kwa 2.5, lenye kimo cha mita 2.4, lina mita za ujazo 12, kwa hiyo hewa yake huhitaji dakika 13 hivi kubadilishwa mara moja. Anayezima feni pamoja na taa akishajifuta maji ameacha kazi nusu. Iendelee dakika 15 hadi 20. Zipo feni zinazojizima zenyewe.

Sasa sufu ya kuzuia joto, ile inayotandazwa juu ya dari ili joto la vyumbani lisitoroke. Wengi huitandaza kwanza, bomba watalishughulikia baadaye. Ni kujitafutia balaa: sufu ikishatandazwa, joto la vyumbani halipandi tena darini kama zamani, paa linapoa zaidi, na mvuke uliokuwa ukikauka sasa unageuka maji. Ziba kwanza matundu yote, pembezoni mwa feni, kwenye nyaya na mabomba, na kifuniko cha kupandia darini. Kwenye nchi za baridi hutandazwa milimita 100 katikati ya boriti, kisha 170 kukatiza juu yake. Isishindiliwe, kwani kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Kwenye ukingo wa paa acha upenyo wa milimita 50 hewa ipite. Taa zilizozamishwa darini zisifunikwe kama hazikutengenezwa kwa hilo. Zinaweza kuwasha moto. Bomba la feni, kinyume chake, livishwe sufu urefu wote ulio darini.

Kabla ya kugusa feni, zima umeme kwenye swichi kuu. Na tundu la nje msilizibe kwa wavu mwembamba wa mbu. Vumbi na nyuzi za taulo huugeuza ukuta, na feni itaendelea kunguruma kana kwamba inafanya kazi.

Msomaji wako,
Fundi majengo